Jiko Moja kwa Nyumba Tatu

Kaka yangu akienda bara kukata kuni, mama hali. Si kwamba amefunga. Anakaa na sahani mbele yake, anaviringa tonge, anauliza maji yanajaa saa ngapi, kisha sahani inarudi jikoni vile vile ilivyokuja. Mimi nilikuwa nakasirika. Chakula kimepikwa kwa kuni hizo hizo kaka alizozifuata, halafu hakiliwi. Sasa kuni za nini?

Hiyo ni Chula, kisiwa chetu, baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Tulikuwa tumerudi kisiwani kutoka Kismayo, mimi nikiwa nimebakiza mwaka mmoja tu kumaliza sekondari. Huko Kismayo shule ilifungwa asubuhi moja bila mtu kutangaza chochote. Tulikwenda tukakuta mlango una kufuli, tukasimama pale na vitabu vyetu, na yule niliyekuwa nakaa naye dawati moja akaniambia kwamba kuanzia leo sisi si wa upande mmoja. Nikamuuliza upande gani. Akasema hajui vizuri, ameambiwa na babake.

Mpaka leo sijaelewa. Wiki hii wenye mji ni hawa, wiki ijayo ni wale, na wote wakikuona wanakuita walaal, yaani ndugu, halafu ndugu anafungua injini ya mashua yako na kuondoka nayo begani. Mimi nilitaka mtu anieleze, mwanzo mpaka mwisho, kama hesabu. Hakuna aliyenieleza. Watu wazima walikuwa wanaulizana wenyewe.

Basi kisiwani mambo yalikuwa madogo zaidi, na mimi niliyashika hayo madogo. La kwanza lilikuwa kuni. Chula ni mwamba na mchanga, vichaka vyake mbuzi wamevimaliza. Kuni zinatoka ng'ambo, kwenye mikoko ya bara. Zamani wanaume walikuwa wanavuka asubuhi na hori zao, yaani mitumbwi yao, wanakata, wanarudi na maji ya jioni wakitaniana. Sasa kwenye mikoko mlikuwa na wenye bunduki, au hamkuwa nao, hapakuwa na njia ya kujua. Kijana mmoja wa mtaa wa juu alikwenda na hori na shoka, akarudi akiogelea. Hakusema ameona nini. Akiulizwa, anaomba maji ya kunywa.

Kwetu baba alikwisha kufariki kabla ya vita. Mwanamume alikuwa kaka peke yake. Mama hakusema anaogopa. Alisema, "Kuni zipungue." Alilisema kama anavyosema chumvi ipungue.

Nyumba zetu zilikuwa tatu pamoja, mwisho wa mji, upande unaotazama bara. Yetu ilikuwa pembeni. Katikati alikaa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, na watoto wake. Mumewe alikuwa Mombasa, au njiani kwenda Mombasa, habari zake zilikuwa zinakuja mbili mbili na hazilingani. Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mzee sana, peke yake, na jiko lake.

Nasema na jiko lake kwa sababu lilikuwa kama mtu wa pale. Bibi huyo alikuwa hazimi moto. Usiku anafukia makaa ndani ya jivu, alfajiri anafukua, anapuliza, moto huo. Mtaa mzima wakikosa kiberiti walikuwa wanakwenda kwake na kigae kuomba kaa moja. Kiberiti kilipoadimika kwa vita, bibi akawa mtu mkubwa kuliko alivyokuwa.

Wanawake wa nyumba tatu wakakaa kibarazani kwetu kuzungumza habari ya kuni. Mimi nikawaeleza tuliyosomeshwa: moto wa mafiga matatu unapasha upepo zaidi kuliko chungu, joto lote linatoka pembeni, kwa hivyo tuuzungushie ukuta. Jirani akasema, "Msikilizeni msomi wetu. Upepo wa Chula una homa, kumbe sisi ndio tunaoupasha." Lakini walikubali. Tukazungushia jiko letu mawe ya mwamba, yale yale tunayojengea nyumba, maana mawe mengine kisiwani hakuna.

Kwa siku chache lilikuwa zuri. Kuni mbili zikafanya kazi ya nne. Kisha mawe yakaanza kumeguka upande wa ndani, na unga mweupe ukaanguka ndani ya mchuzi. Mama akaonja, akatema. Jirani akaonja naye, akacheka mpaka akashika ukuta. Watu wa Chula wamekuwa wakichoma mawe hayo kwenye tanuri kupata chokaa tangu mababu, kila mtoto amewahi kubeba chokaa ile kichwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba jiwe lile likipata moto linakuwa chokaa.

"Tupake mchuzi ukutani," jirani akasema, "samaki tumle mbichi."

Basi likaja wazo la mofa. Jirani alikuwa na mofa kubwa ya udongo, tanuri la kuokea mikate ya mtama, na alikuwa analiwasha mara moja moja. Udongo haumeguki. Mama akasema kwa nini tusipike nyumba zote tatu hapo. Moto mmoja asubuhi. Mikate kwanza, ukiwa mkali. Ukipoa kidogo, samaki. Mwisho chungu, kikichemka tu kinatolewa na kutiwa ndani ya kapu lililojazwa makumbi ya nazi na vipande vya tanga kuukuu, kinafunikwa, kinajiivia chenyewe mpaka adhuhuri. Hilo la kapu jirani alilijua kwa mamake, walikuwa wanaweka hivyo chakula cha wavuvi.

Tukafanya kazi. Kaka alituletea udongo wa kichuguu kutoka bara, hori nzima, na mama siku hiyo hakula vile vile. Tukaukanyaga kwa miguu na nyasi na mavi ya mbuzi, nyumba tatu pamoja, watoto wa jirani wamejipaka mpaka machoni. Tukaongeza unene wa mofa nje, tukaifanyia kifuniko, tukaziba matundu ya kuta za jikoni kwa makuti ili upepo usipige moto. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka tuwashe jioni ile ile. Wakanizuia. Udongo ukiharakishwa unapasuka.

Kilichochukua muda zaidi kuliko udongo ni bibi. Alitaka mikate, alimpenda kaka yangu, alikubali kwamba kijana asiende bara kwa ajili ya uji wa kikongwe. Lakini kuzima jiko lake alikuwa hawezi kulisema. Mama akaenda kwake asubuhi, akaenda tena alasiri. Sijui walizungumza nini. Niliona bibi akitoka nje na kigae, amebeba makaa yake chini ya jivu, akaingia kwa jirani, akayatia ndani ya mofa kwa mkono wake. Moto wa kwanza wa jiko jipya ukawa moto wake.

Siku moja kabla ya hapo kaka alikuwa ameondoka. Ilikuwa iwe safari ya mwisho kwa muda mrefu, akate za kutosha, tuzirundike, halafu akae. Alikwenda pamoja na wanaume wawili wa Kudha, mji jirani, waliokuwa na hori yao. Wangelala kwenye mikoko, wakate asubuhi, warudi na maji. Mama alimwambia afuate mkondo wa upande wa kusini. Hakumwambia habari ya jiko. Hatukufikiri kwamba jiko ni habari ya kumwambia mwanamume.

Asubuhi ile mofa ilifanya kazi kama nilivyosomeshwa na zaidi. Vifuu vya nazi na vijiti, basi. Mikate ikatoka, samaki akaingia. Moshi ulikuwa kidogo sana, wa kwanza wa kuwashia tu, halafu hakuna. Nilisimama uani nikatazama juu ya mapaa yetu, nikaona hewa safi, nikafurahi. Nikaandika kwenye daftari langu kwamba hivi ndivyo watu wanavyoendelea.

Jua halijawa kali tukasikia sauti za watu njiani, za chini, za pole. Ni wanaume wa mtaa wa juu na kofia zao, na nyuma yao wanawake wamejifunika, mmoja amebeba bakuli kubwa la uji na mwingine sinia. Mzee aliyekuwa mbele akasimama mlangoni kwa bibi. Bibi amekaa kwenye kizingiti anakula mkate.

Mzee akamtazama. Akatoa salamu, bibi akaitikia. Kisha mzee akauliza, "Nani katutoka?"

"Mimi bado," bibi akasema, akaendelea kutafuna.

Ni lazima nieleze kwa wasio wa kwetu. Mchu, yaani mtu, akifa, nyumba yake haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, wanaleta. Kwa hivyo asubuhi watu wanatazama mapaa, hata bila kujua kwamba wanatazama, na nyumba isiyofuka moshi wanakwenda kuiuliza. Mtaa wa juu walikuwa wameangalia upande wetu wakaona nyumba tatu zimekufa pamoja, tena na ya bibi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona bila moshi. Walikuwa wamekwisha kutuma mtu kwenda kutazama sanda.

Jirani alicheka siku ile mpaka watoto wake wakamwogopa. Bibi akasema uji umekwisha kupikwa, haurudi, akaupokea. Wanaume wakapewa mikate ya mofa, wakaonyeshwa kapu la makumbi, wakatia mikono ndani kuhisi joto la chungu, wakasema wake zao waje kujifunza. Nilimwonyesha mzee jinsi kifuniko kinavyozuia joto, na akatikisa kichwa kwa heshima mpaka nikaona haya.

Maji yakajaa. Kaka hakuja.

Maji ya pili yakajaa, asubuhi yake. Hakuja. Mtu mmoja akasema alisikia milio upande wa bara. Mwingine akasema ni mawimbi kwenye mwamba. Akaja mvuvi akasema ameona hori mbili mbali, zinakwenda kusini, upande wa Burgao, lakini hakuweza kujua za nani. Kwa nini kusini? Kuni zinatoka huku na nyumba iko huku. Nilichora kwenye daftari kisiwa, bara, mkondo, nikatia mishale, na hakuna mshale uliokuwa na maana. Nilimuuliza kila mtu na kila mtu akanijibu jambo lake. Jirani alisema wametekwa. Bibi alisema yuko hai, maana yeye bibi mguu wake wa kushoto humuuma mtu akifa, na haujamuuma. Mama akarudi kwenye mofa. Alioka mikate na wenzake, akagawa, akakaa na sahani yake.

Niliona ajabu wanavyoendelea na mofa. Kila asubuhi moto mmoja, kuni chache, na rundo la kuni za safari za nyuma za kaka uani halipungui. Tulikuwa tumelifanya jiko lile ili asiende, na sasa yuko huko, na sisi tunaweka akiba.

Bakuli la uji lilikuwa bado kwetu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, kwa hivyo mama alitia mikate ndani, akalifunika kwa kitambaa, akanipa nilipeleke mtaa wa juu. Nimekwisha kufika mlangoni akaniita nirudi. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja anatazama paa letu.

"Hawa wako karibu," akasema, "wameona hakuna moshi, wakaleta uji. Yeye aliye mbali ameona nini?"

Sikumwelewa. Naandika ukweli, sikumwelewa, na nilikuwa nimesimama na bakuli lenyewe mkononi. Mama alikwisha kupita, amekwenda kwenye rundo la kuni. Akabeba mzigo akauingiza jikoni kwetu. Jirani akatoka kuuliza, mama akamwambia maneno mawili matatu, na jirani akakimbilia rundo. Kisha naye akabeba.

Hapo nikaanza kupata picha. Wakataji kuni wakilala bara, jambo la kwanza asubuhi wanatazama kisiwa. Nyumba zetu ndizo za mwisho, ndizo zinazoonekana. Kaka aliamka akatazama upande wetu kama alivyotazama maisha yake yote, na pale penye moshi wa mamake na wa bibi hapakuwa na kitu.

Wakawasha jiko letu, wakawasha la bibi, wakawasha na moto wa tatu uani. Bibi alileta kaa lake kutoka mofa akiwa anatembea haraka, jambo ambalo sikujua analiweza. Kuni kavu hazitoi moshi wa kutosha, basi wakatupia mikoko mibichi, na makumbi yote ya kapu letu, na mwani uliolowa kutoka ufukweni. Mimi nilijaribu kuwazuia. Niliwaambia tunachoma kuni za miezi, niliwaambia tuwashe moto mmoja mkubwa na nyingine zibaki. Mama akanipa mzigo wa mwani.

Moshi ukasimama mweupe, mnene, juu kuliko minazi. Tukakohoa, tukalia machozi ya moshi, hatukuonana. Mtaa wa juu wakaja mbio mara ya pili, safari hii na ndoo za maji. Mzee yule yule akauliza kunaungua wapi. Jirani akamwambia hakuna kinachoungua, tunamwita mtoto. Akaweka ndoo chini akakaa juu ya jiwe, akasema mtaa wetu umemchosha.

Tuliendelea mpaka rundo likafika chini, tukakusanya na magome. Baada ya adhuhuri moshi ulikuwa umepungua, kuni hakuna tena. Watoto wa jirani ndio waliomwona. Hori moja, mtu mmoja, anasukuma pondo kama anayepigana na maji.

Alifika kifua wazi, macho mekundu, shoka mkononi. Akapita katikati yetu bila salamu. Akaingia jikoni, akatoka. Akaenda kwa bibi, akatoka. Akatazama mapaa, yako mahali pake. Sisi tumekaa chini, weusi kwa masizi.

"Nani kachoma?" akauliza.

"Mimi," mama akasema.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

Alikaa hapo hapo kwenye jivu. Akatuambia, vipande vipande, baada ya kunywa maji. Asubuhi ile hawakuona moshi kwenye nyumba zetu. Wakangoja, hawakuona. Wale wa Kudha wakasema bila shaka wenye bunduki wamefika, watu wamekimbia usiku, na wanaokimbia wote wanaelekea Burgao, halafu Kenya. Wakamwaga kuni ili hori ziwe nyepesi, wakashika pwani kwenda kusini kutufuata. Hawakufika mbali, kila kijiji kaka alishuka. Alikuwa anawauliza watu njiani kama wameona wanawake na mzee mmoja na makaa. Leo akageuka nyuma, akaona moshi ule, akajua tunachomwa moto. Wenzake hawakutaka kurudi, walimwambia harudi mtu mwenye akili.

Mimi nikamuuliza, kwa sababu bado ilikuwa hainikai kichwani: alipoona hakuna moshi alikwenda zake, alipoona moshi wa kutisha ndiyo akaja?

"Mkihama nawafuata," akasema. "Mkichomwa narudi. Sasa ningefanyaje?"

Bibi akamletea mkate wa mofa. Akaula. Mama naye akakata upande, akala, akiwa amekaa kwenye jivu pembeni yake, na akakata mwingine.

Ndipo jirani akatazama uani akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakizunguka. Kuni hatuna. Zetu tumechoma, zake kamwaga. Hata kwa mofa, hata kwa vifuu, hatuna hata cha kesho. Kaka akavuta shoka karibu, akasema atavuka alfajiri. Mama akamwambia aliweke. Hakupandisha sauti. Akasema havuki tena mtu kwa ajili ya kuni, si yeye, si mwingine.

"Basi tupike kwa nini?" kaka akauliza.

Mama akageuka. Alimtazama jirani, jirani akatazama mofa yake mpya, ule udongo wetu, alama za vidole vya watoto bado ziko pale.

Nimekuwa nikiulizwa hapa Mombasa kwa nini tulihama. Watu wanataka niwaambie kuhusu vita, na vita mimi siwezi kuvieleza. Nawaambia tuliondoka kwa sababu ya kuni, wanadhani nawatania.

Tulichukuliwa na mashua ya samaki iliyokuwa inashuka kusini, nyumba zote tatu pamoja. Bibi alipanda akiwa na chungu kilichovunjika shingo, mdomo wake umefunikwa kwa jivu. Nahodha akasema moto hapandi nao mtu kwenye chombo cha mbao. Bibi akasema basi na yeye hapandi. Walibishana, na mwishowe kikawekwa juu ya sanduku la mchanga, na kaka akakaa nacho.

Kabla ya hapo mama alikuwa amerudi ndani. Mimi nilikuwa na haraka, maji yalikuwa yanatoka, nilikwenda kumwita. Nilimkuta anamwagia maji mafiga yetu, halafu akaenda ya bibi, halafu mofa. Alimwaga pole pole, akachokoa jivu kwa kijiti, akamwaga tena mpaka hakuna kinachofuka. Nikamwambia nyumba tunaiacha, ana haja gani. Akasema mchu akitazama kutoka bara asidanganyike. Safari hii ni kweli hatupo.

Lile bakuli sikulipeleka. Nilikuwa nimeliweka chini asubuhi ile ya moshi, na likabaki kwenye kizingiti chetu, na mikate ndani, limefunikwa. Nimelifikiria mara nyingi. Mtaa wa juu waliamka, wakatazama upande wetu, mapaa matatu hayana moshi. Sijui kama walicheka, wakasema ni mofa tena. Au kama mtu alipika uji.